Wapangaji wa Mnara Mmoja

Mwaka jana niliteuliwa kuingia katika kamati ndogo ambayo, kwa haki, sikustahili kuwamo. Mimi ni mwalimu wa sera za umma; shahada yangu ya uzamivu haikunifundisha hata kubadili fyuzi. Lakini tawi moja la chuo lilikuwa limekaa muhula mzima na mtandao unaokatika, na uongozi ukaona kuwa kamati ya wahandisi watupu ingeandika taarifa ambayo hakuna mkuu wa idara angeisoma hadi ukurasa wa pili. Nikaitwa nikawe mwandishi. Nilichokikuta huko hakijanitoka kichwani hadi leo, na ninaamini ni jambo la siasa zaidi kuliko la umeme. Ndiyo sababu nalileta kwenu, ndugu wasomaji.

Tawi lile hupata intaneti kwa kiungo cha redio: dishi moja limefungwa juu ya paa la jengo la utawala, jingine kwenye mnara ulio kilimani, umbali wa kilomita zipatazo 20, nayo yanatazamana. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tatu asubuhi, kiungo kilianza kuyumba. Saa tano kilikuwa hoi. Ikifika saa kumi alasiri kilianza kupata nafuu, na usiku kilikuwa kizima kabisa, wakati ambapo hakuna anayekihitaji isipokuwa mlinzi mwenye simu. Mkandarasi alisema ni joto. Akabadilisha redio. Hali ikawa ile ile. Akasema redio hazina nguvu, akaleta zenye nguvu zaidi; tukapumua wiki mbili, kisha mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo.

Katikati ya hayo, dirisha la kujiandikisha kwa mitihani likafunguliwa na kufungwa. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikaa katika maabara ya kompyuta kuanzia saa nne asubuhi, akitazama kiduara kinachozunguka katikati ya skrini, hadi dirisha lilipofungwa jioni. Jina lake halikuonekana katika orodha ya watahiniwa. Ilichukua barua tatu kulirudisha, na katika barua ya kwanza aliyojibiwa, alielezwa kwamba uzembe si sababu inayotambuliwa na kanuni.

Kamati ilipopanda kilimani ilimkuta fundi mitambo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza swali lililomaliza nusu ya kazi yetu.

“Dokta, umehesabu madishi?”

Sikuwa nimehesabu. Yalikuwa kumi na moja. Taasisi za umma, benki, kampuni za intaneti, miradi. Kila mmoja na dishi lake, kila mmoja na mkandarasi wake. Nikamwuliza mzee yule ni nani anayejua kila dishi linatumia masafa gani. Akacheka. “Kila mtu anajua la kwake. Na wengine hata hilo hawalijui.”

Pale chini ya mnara lilikuwapo daftari la mlinzi. Limeandikwa vizuri, kwa mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, jina la aliyeingia, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Safu ya kueleza alichokuja kufunga haikuwamo.

Hapa namwomba msomaji asiyependa hesabu anivumilie kidogo. Redio ya aina iliyofungwa pale hutoa nguvu ya takriban theluthi moja ya wati, pungufu ya inayotumiwa na tochi ndogo. Dishi huikusanya nguvu hiyo na kuielekeza upande mmoja, kama mtu anayezungushia viganja mdomo wake ili sauti iende mbali. Hata hivyo, katika masafa ya gigahezi 5.8, kinachofika baada ya kilomita 20, kwa madishi ya ukubwa wa kawaida, ni takriban sehemu moja katika milioni 25 ya kilichotumwa. Hiyo si hitilafu. Ndivyo mawimbi yalivyo, na redio imeundwa kuusikia mnong'ono huo.

Sasa mweke jirani. Dishi lake limefungwa mita tatu kutoka lako na linatazama upande mwingine kabisa. Lakini hakuna dishi lisilovuja: kiasi kidogo hutokea ubavuni na kisogoni, na dishi lako nalo husikia kidogo kwa ubavu. Ukipiga hesabu, mvujo huo unaweza kukufikia ukiwa na nguvu inayokaribia nusu ya ile ya mwenzako aliye kilomita 20, na dishi likiwa duni, mvujo huipita. Ili kiungo kiende kwa kasi yake kamili, sauti unayoitaka inatakiwa kuishinda kelele mara mia kadhaa. Kwa hiyo mkiwa katika chaneli moja, jirani akituma wakati wewe unasikiliza, umekuwa kiziwi. Akiwa katika chaneli ya pembeni hujasalimika bado, kwa kuwa redio za bei nafuu humwaga kelele nje ya mpaka wa chaneli zake, na vichujio vyake havizuii sana kilicho jirani.

Ndiyo maana ugonjwa wetu ulifuata saa za ofisi. Redio hizi hutuma zaidi panapokuwa na kazi zaidi. Watumishi wa majirani zetu wakifungua kompyuta zao asubuhi, madishi yao huanza kusema, na letu huacha kusikia. Na ndiyo maana dawa ya nguvu ilifanya kazi wiki mbili tu. Tulipopandisha sauti, tuliwaziba masikio majirani. Nao wakaita wakandarasi wao, wakandarasi wakapandisha sauti. Uwiano ukarudi pale pale ulipokuwa, isipokuwa sasa kila mtu alikuwa akipiga kelele. Aliyewahi kusimama stendi ya mabasi asubuhi, wapiga debe sita wakimwita kwa safari sita, anaijua hali hiyo bila kufundishwa fizikia.

Jambo hili si geni. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Californian ilikuwa imesimama kwa sababu ya barafu, na opereta wake wa redio akaita meli ya jirani kuieleza hivyo. Jirani huyo alikuwa Titanic. Opereta wa Titanic wakati huo alikuwa akisikiliza kituo cha Cape Race, kilichokuwa mbali na sauti yake hafifu, ili kumaliza lundo la salamu za abiria. Sauti ya Californian, kwa kuwa ilikuwa karibu, ilimpasua masikio na kumfunika yule wa mbali. Akamjibu kwa hasira anyamaze, kwamba ana kazi. Opereta wa Californian, akiwa amechoka, akazima mtambo na kwenda kulala. Titanic iligonga barafu saa 5:40 usiku huo huo. Tumezoea kuisimulia habari hii kama habari ya kiburi cha wajenzi wa meli. Ni habari pia ya watu wawili waliokuwa karibu mno wasio na utaratibu wa nani aseme lini. Mwezi Agosti wa mwaka ule Marekani ilipitisha sheria ya redio iliyodai leseni kwa watumaji.

Turudi kilimani. Fundi yule alitueleza dawa, na nilishangaa kuona ni chache sana kati yake zinazouzwa dukani.

Ya kwanza ni kupunguza tamaa. Kati ya megahezi 5725 na 5850, masafa ambayo nchi nyingi zimeyaachia yatumike bila leseni ya mtu mmoja mmoja, kuna chaneli tano za kawaida za upana wa megahezi 20. Mtu mmoja akichagua upana wa megahezi 80, amekalia nne kati ya hizo tano. Redio nyingi huruhusu hivyo kwa kubofya mara moja, na fundi anayetaka kumfurahisha mteja siku ya makabidhiano hubofya, kwa maana kipimo cha kasi kitapendeza. Sisi wenyewe, baada ya kukagua, tulikuwa na 80. Mahitaji yetu yalitosha katika 20.

Kisha kupunguza nguvu hadi kiasi kinachohitajika. Kutenganisha madishi kwa wima, moja juu na jingine chini, jambo ambalo kwa kawaida husaidia kuliko kuyatenganisha kwa ulalo. Kuyavika madishi kingo za kuzuia mvujo wa ubavuni. Zamani iliwezekana pia mmoja kutuma mawimbi yaliyosimama na jirani yake yaliyolala, lakini redio za kisasa hutumia namna zote mbili kwa pamoja ili kuongeza kasi, na kwa hiyo mlango huo umekwisha kufungwa. Kuhusu redio kujichagulia chaneli yenyewe, mzee yule aliguna tu. Redio mbili zinazojichagulia, alisema, hukimbiana usiku kucha: hii ikihama, ile nayo inahama kuifuata bila kujua.

Lakini dawa iliyonifanya niache kuandika na kusikiliza ni ya zamu. Redio hizi hutuma na kupokea katika masafa yale yale kwa kupokezana, mara nyingi sana katika sekunde moja. Ziara zote za kelele hutokea pale ambapo huyu anatuma huku yule aliye mita tatu kutoka kwake anasikiliza. Hivyo suluhisho ni wote walio juu ya mnara mmoja watume kwa wakati mmoja, na wote wanyamaze na kusikiliza kwa wakati mmoja, wakiongozwa na saa ya setilaiti, ile ile inayotumika kuonyesha mahali katika simu. Mimi niliyezoea kuwafundisha vijana kwamba mjadala wa haki ni mmoja aseme na wengine wasikilize, nilipata taabu kulikubali hili. Mnarani mambo ni kinyume: kupaza sauti pamoja hakumdhuru mtu, kwa sababu wakati huo hakuna jirani anayesikiliza. Madhara huja pale mmoja anaposema wengine wakiwa wametega masikio.

Wenye masafa ya leseni wamelijua hili kwa miongo mingi kwa namna nyingine. Bendi zao hugawanywa nusu mbili, ya juu na ya chini. Ncha moja ya kiungo hutuma kwa nusu ya juu, ya pili kwa nusu ya chini. Kanuni ni kwamba kila kilima kiwe na tabia moja: vyote vinavyotuma kutoka hapo vitume juu, au vyote chini. Akitokea mmoja wa kinyume, anatuma mle mle ambamo majirani zake wanasikiliza. Kuna hata kitendawili ndani yake: vilima viwili vinapatana, vinne vilivyozungukana vinapatana, lakini vitatu vilivyounganishwa kwa pembetatu haviwezi, kwa kuwa juu na chini lazima zikutane mahali. Mpangaji wa masafa huliona hilo kwenye karatasi kabla ya kupanda mnara. Asipokuwapo mpangaji, mafundi wataligundua juani, wakiwa wamening'inia kwa mikanda.

Sasa angalia sharti la zamu. Haitoshi kuwa na saa moja. Lazima wote wakubaliane pia mgawanyo wa muda: kiasi gani cha kutuma, kiasi gani cha kupokea. Chuo hupakua zaidi kuliko kinavyopakia. Hospitali inayotuma picha za eksirei kwa daktari bingwa wa mkoa mwingine inataka kinyume chake. Benki inataka muda mfupi wa kusubiri kuliko kasi. Mgawanyo mmoja hauwezi kumridhisha kila mmoja kikamilifu; kila mmoja atapoteza kidogo ili wote wasikie. Isitoshe, redio za watengenezaji tofauti mara nyingi hazielewani kuhusu zamu, kwa hiyo makubaliano yangepaswa kufanyika kabla ya kununua. Hakuna kifaa kitakachofanya mazungumzo hayo kwa niaba yetu. Huo ni mkutano wa wapangaji wa nyumba moja yenye bomba moja la maji, na mwenye nyumba hayupo.

Wanazuoni wamebishana sana juu ya nyumba za namna hii. Ronald Coase aliandika mwaka 1959 kwamba kelele za redio zinatokana na kukosekana kwa haki za umiliki, na kwamba masafa yauzwe kama mali nyingine. Garrett Hardin, mwaka 1968, aliamini kuwa mali ya wote haina budi kuharibiwa na wote, isipokuwa ama dola iishike au mtu binafsi aimiliki. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwa mifano ya mifereji ya umwagiliaji, misitu na malisho kwamba watumiaji wenyewe huweza kuitunza mali yao ya pamoja, mradi wanajulikana, wana kanuni zao, wanaonana, na kuna adhabu ndogo kwa anayekiuka. Nasimama na Ostrom, lakini kwa tahadhari: mnarani kwetu sharti la kwanza kabisa, la kujuana, halikutimia.

Hapa ndipo nawageukia ndugu zangu watumishi wa umma. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeiweka mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kazi ya kusimamia masafa. Sera yetu pia inahimiza kushirikiana minara, na kwa sababu nzuri: chuma ni ghali, vilima ni vichache, na hakuna haja ya kila taasisi kujenga mlingoti wake. Lakini tumeshirikiana chuma bila kushirikiana hewa. Mkataba wa kupanga mnara hueleza uzito wa dishi, urefu litakapofungwa na kodi ya mwezi. Mkataba niliouona mimi haukuwa na neno hata moja kuhusu masafa, upana wa chaneli, nguvu, au zamu. Kadhalika masharti ya zabuni tuliyoyaandika sisi wenyewe chuoni: yalidai kasi, yalidai dhamana ya mwaka mmoja, yalidai umbali. Hayakumtaka mzabuni apande mnara na kupima kelele iliyopo kabla ya kutoa bei, wala kueleza atawaathiri vipi majirani. Tulinunua kelele kwa fedha za umma, kwa kufuata taratibu zote za ununuzi.

Ninachokidai ni kidogo. Kila mnara wenye wapangaji zaidi ya mmoja uwe na mtu anayewajibika kwa masafa yake, na daftari la pili kando ya lile la mlinzi: dishi la nani, linatazama wapi, linatumia masafa gani, kwa upana gani, kwa nguvu gani, na simu ya nani ipigwe likisumbua. Asiyejiandikisha asifunge. Minara ambayo taasisi za umma ni wengi wa wapangaji ianze, kwa kuwa huko serikali inazungumza na serikali.

Nimekwisha kusikia majibu. Ofisa mmoja wa TEHAMA aliniambia kuwa orodha ya masafa ni suala la usalama. Ningemwelewa iwapo tungekuwa tunazungumzia mawasiliano ya vyombo vya ulinzi. Ila masafa ya dishi la halmashauri yanaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye kipimo cha bei ya simu ya mkononi. Siri hiyo inafichwa kwa jirani tu. Mwingine aliniambia tungoje nyaya za Mkongo wa Taifa zifike kila mahali. Naunga mkono Mkongo kwa moyo wote, lakini hata panapofika, mwendo wa mwisho hadi zahanati au shule mara nyingi ni wa redio, na uzi ukikatwa na tingatinga la barabara, redio ndiyo akiba. Wa tatu, mhandisi makini, alitaka masafa yote yawe ya leseni. Pendekezo lake lina uzito kwa viungo vya hospitali na vya dharura, na nadhani taasisi kama hizo zihamie huko. Ila kwa shule ya kata au kampuni changa ya vijana watatu wanaosambaza intaneti mtaani, ada na muda wa kungoja vingekuwa mlango uliofungwa. Uwazi wa masafa hayo umewapa watu wengi kazi. Nisingependa tuuue uwazi huo kwa sababu ya uvivu wa kuandika daftari.

Kamati yetu haikungoja sheria. Mzee fundi alitupatia namba za simu za wamiliki tisa, na kwa majuma mawili nilifanya kazi ya ukarani: kupiga simu, kubembeleza, kueleza. Saba walikubali kushuka hadi megahezi 20 na kupunguza nguvu. Mmoja alikubali dishi lake lisogezwe chini mita sita. Sisi tulianza, ili tusionekane tunahubiri tusichokitenda. Zamu hatukuiweza, kwa kuwa redio ni za aina tano tofauti. Hata hivyo kiungo cha tawi sasa kinapita saa tano asubuhi kikiwa kinasimama, na dirisha la usajili la muhula huu lilifungwa bila barua.

Limebaki dishi moja, la tatu kutoka juu, lenye kutu pembeni. Hakuna anayelidai. Nembo iliyobandikwa ni ya mradi ulioisha miaka kadhaa iliyopita. Wafadhili walikwisha kuondoka na ofisi yao ni duka la vifaa vya ujenzi. Redio yake bado inapata umeme wa mnara na bado inatuma, kwa upana wa megahezi 40, kuelekea mahali ambapo pengine hakuna dishi la kuipokea. Nimeandika kwa ofisi tatu kuomba izimwe. Ya kwanza imejibu kuwa haikuifunga. Ya pili imejibu kuwa haina mamlaka ya kugusa mali ya mtu mwingine. Barua ya tatu nimeifuatilia mwenyewe dirishani; nimeambiwa ipo kwenye mzunguko.